Tundu la chaji halidumu Mombasa: ni chumvi, ni kebo, au ni sisi wenyewe?

#1 MwenyeDaftari (Kizingo)

Salaam wanajukwaa.

Nina daftari. Kila kifaa ninachonunua nakiandika humo: siku nilipokinunua, siku kilipoanza kulalamika, siku kilipokufa. Hivi sasa mezani pangu kuna simu mbili, tableti, saa janja, vipokea sauti vya masikioni, pawabenki na taa ndogo ya kuchaji. Navipenda vitu hivi, navifuta, navitilia kava. Jana usiku napitia kurasa nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona: karibu vyote vilivyokufa vimefia mahali pamoja. Si skrini, si betri. Ni tundu la chaji.

Dirisha langu linatazama bahari. Ndugu yangu yuko Nakuru, mbali na bahari. Mwaka juzi tulinunua simu za aina moja, siku moja, duka moja. Yake hadi leo akichomeka kebo inachaji. Yangu mpaka niiegemeze kebo kwenye kiberiti, niipinde kidogo kushoto, kisha nisiiguse tena hadi asubuhi. Na kebo yenyewe nikiitazama kwa tochi naona ukijani kwenye pini.

Dai langu ni hili: ni chumvi ya hewani. Nataka kila mtu aseme anakaa mtaa gani na tundu lake lilidumu muda gani. Tusaidiane, maana simu siku hizi ndiyo pochi, ndiyo benki, ndiyo kitambulisho cha biashara.

#2 BintiKibokoni

Mji wa Kale hapa. Mbili kwa miaka mitatu, zote tundu.

Kaka, mimi nakuunga mkono na ushahidi wangu uko jikoni. Chumvi ya kidau huku kwetu hailali kavu. Mama anatia punje za mchele ndani yake ili isigande, na bado ukifika mwezi wa tano inakuwa kama uji. Kama chumvi ya kidauni inaloa na mfuniko umefungwa, hiyo inayoletwa na upepo ikaketi ndani ya tundu la simu itakaukaje?

#3 Sokomoko

Tuache kuisingizia bahari. Kebo za shilingi mia za barabarani ndizo zinazoua simu. Nunua kebo ya maana, tundu litadumu. Nimemaliza.

#4 MwenyeDaftari

@Sokomoko kebo iliyokuja na simu kwenye boksi ndiyo iliyokuwa ya kwanza kugeuka kijani. Iko kwenye daftari.

#5 FundiMarikiti

Habari zenu. Nafungua simu kila siku, basi niseme ninayoyaona kwa hadubini.

Wengi wanaokuja kwangu wakisema "tundu limekufa", tundu lao ni zima. Limejaa uchafu wa mfukoni. Nyuzi za suruali, za kanzu, vumbi, makombo ya mahamri, yote yanashindiliwa ndani kila unapochomeka kebo, mpaka kebo haifiki mwisho. Dalili yake ni kwamba kebo inalegea, inachomoka yenyewe. Ukichukua kijiti cha meno cha mbao na subira, simu imezimwa, unatoa fumba la nyuzi ukashangaa lilivyoingia. Msitumie sindano. Ile sahani nyembamba ya katikati ya tundu la USB-C imebeba pini pande zote mbili, sindano ikiikwaruza tena hapo ndipo kazi inakuwa kazi.

Lakini wapo pia wenye kutu ya kweli. Hao ninawajua kabla sijawasha taa, kwa harufu.

Mwenyedaftari, kebo yako inalegea au inakaa imara lakini haichaji? Jibu hilo kwanza.

#6 MwenyeDaftari

Shukran fundi. Inakaa imara kabisa. Inabana. Haichaji mpaka niipinde.

#7 FundiMarikiti

Basi si nyuzi. Ni pini au ni miguu ya tundu imeachia kwenye bodi, kile kibao cha ndani ya simu, kwa sababu ya huko kupindapinda. Ilete.

#8 MwalimuTudor

Nafundisha kemia, na swali hili nalipenda sana kwa sababu nimeliweka mezani mbele ya wanafunzi kwa bilauri, maji, chumvi na chaja kuukuu.

Chumvi ya kawaida ina tabia ya kunyonya maji kutoka hewani. Unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 75, chembe ya chumvi haikai tena chembe, inayeyuka kwa maji iliyoyanyonya. Mombasa usiku na alfajiri unyevu unapita hapo mara nyingi sana. Kwa hiyo alichosema BintiKibokoni kuhusu kidau ni kemia tupu.

Lakini chumvi na maji peke yake hula polepole. Kinachoharakisha ni umeme. Pini ya umeme inabeba volti 5, jirani yake ni sifuri, katikati kuna tone la maji ya chumvi. Shaba ya upande wa chanya inaondoka kidogo kidogo na kuingia kwenye lile tone. Ule ukijani ni shaba hiyo. Juu ya pini kuna utando wa dhahabu, lakini ni mwembamba mno, na kila unapochomeka na kuchomoa unaukwangua.

Sasa sikilizeni hili. Kebo yenye kichwa kile kipana cha zamani upande wa chaja na USB-C upande wa simu, ukiiacha ukutani soketi imewashwa, ncha yake ina volti 5 saa zote, hata kama imening'inia hewani haijagusa simu. Kebo ya USB-C pande zote mbili si hivyo. Chaja yake haitoi umeme mpaka itambue kupitia pini maalumu kwamba kuna kifaa upande wa pili. Kwa hiyo muulizeni mwenye uzi: kebo yake ni ipi, na soketi huwa anaizima?

#9 MwenyeDaftari

Mwalimu, umenitoa jasho. Kebo ni ya kichwa kipana. Ninaiacha ukutani karibu na dirisha, soketi imewashwa, mchana kutwa na usiku. Tangu niinunue.

#10 Sokomoko

Ahaa! Si chumvi basi, ni wewe!

#11 BintiKibokoni

@Sokomoko mbona wewe ulisema kebo ya shilingi mia? Umeshahama?

#12 MkaaziMtwapa

Nawaharibia hesabu kidogo. Nakaa Mtwapa, nikifungua mlango mawimbi nayasikia. Simu yangu ina miaka minne, tundu ni lile lile, kebo ni ile ile, na ni ya kichwa kipana. Soketi sizimi. Sina dawa yoyote. Kama ni chumvi au ni volti 5, mimi nimesamehewa kwa lipi?

#13 KaraniBandarini

@MkaaziMtwapa nikuulize: nyumbani kwako au kazini una eisii, yaani kiyoyozi?

#14 MkaaziMtwapa

Hakuna. Feni tu na madirisha wazi.

#15 KaraniBandarini

Nilijua. Sasa mnisikilize, kwa sababu naona hapa ndipo penye jibu.

Ofisini kwetu eisii inawekwa nyuzi 18. Simu inakaa mezani kwa muda wa saa nane, inapoa mpaka ndani. Saa kumi na moja jioni natoka nje. Miwani inageuka nyeupe papo hapo, sioni hata geti. Sote tunaofanya kazi za eisii tunaijua hiyo. Haya, kama vioo vya miwani vinaota maji, kwani tundu la simu halioti? Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi kiasi kwamba kitu chochote chenye ubaridi chini ya nyuzi 23 au 24 hivi kinaota umande. Simu yangu inaota umande ndani kila siku ya kazi, halafu naingia kwenye matatu naichomeka kwenye pawabenki ikiwa bado imelowa. Tundu tatu ndani ya miaka miwili. Wenzangu wa yadi ya makontena, wanaoshinda juani na upepo wa bahari usoni, simu zao ni nzima.

Kwa hiyo bahari haina kosa. Kosa ni kuingia na kutoka kwenye baridi.

#16 MwalimuTudor

Hoja nzito. Naongeza tu kwamba umande ni maji safi, karibu hayapitishi umeme. Bado unahitaji chumvi ndani ya tundu ndipo yale maji yawe na makali. Inaweza kuwa jasho lako, si lazima bahari.

#17 MwenyeDaftari

Sina eisii nyumbani. Kazini ninayo.

#18 PwaniYetu

Mnasumbuka bure. Nunueni simu ya IP68. Yangu naogelea nayo ufuo wa Pirates kila Jumapili, napiga picha chini ya maji.

#19 FundiMarikiti

@PwaniYetu acha kabla hujaniletea. Ile 6 ni vumbi, ile 8 ni kuzamishwa majini, na jaribio lake ni kwenye maji yasiyo na chumvi yaliyotulia, si bahari yenye chumvi na mawimbi. Halafu mpira unaoziba kingo unachakaa mwaka hadi mwaka. Na tundu la chaji liko wazi vilevile hata kwenye simu ya IP68, kilichozibwa ni nyuma yake. Kila ukitoka baharini isuuze kwa maji ya bomba, itikise tundu likitazama chini, iache ikauke bila kuichomeka.

#20 PwaniYetu

Kuosha simu tena? Si niitie kwenye mchele?

#21 FundiMarikiti

Kuisuuza ni kuondoa chumvi. Ukiiacha ikauke na chumvi yake, kesho unyevu ukija inaamka upya. Ndiyo maana simu nyingine zinaendelea kukwambia kuna maji kwenye tundu siku mbili baada ya kukauka: inapima umeme unaovuja kati ya pini, na chumvi bado ipo inauvujisha. Mchele hauondoi chumvi. Unaacha unga ndani, nami ndiye ninayeutoa. Hata Apple wameshauri watu wasiutumie.

#22 BintiKibokoni

Mchele uendelee kukaa kwenye kidau cha mama.

#23 MjukuuWaBaharia

Nami nina swali kwa mwalimu. Kebo za intaneti za SEACOM na TEAMS zilifika hapa kwetu 2009, na nyingine zimefuata. Zimelala ndani ya chumvi yenyewe, zina umeme ndani yake. Mbona hazigeuki kijani?

#24 MwalimuTudor

Swali zuri mno, kijana. Data inapita kwa mwanga ndani ya nyuzi za kioo, na kioo hakipati kutu. Lakini ni kweli shaba imo, kwa sababu umeme unapelekwa mpaka kwenye vikuza mawimbi vilivyolala chini ya bahari. Siri ni kwamba shaba hiyo imefunikwa kwa plastiki nene mwanzo hadi mwisho, haina mahali popote inapokutana na maji. Tundu la simu kazi yake ni kuwa wazi. Huwezi kuliziba likabaki tundu.

#25 MjukuuWaBaharia

Nimeelewa. Ila vile vifuniko vya mpira vya kuziba tundu vinauzwa pale Digo Road. Nimenunua. Vinafaa?

#26 FundiMarikiti

Vinazuia nyuzi za mfukoni. Ukikiziba na maji yamo ndani, umeyafungia.

#27 DerevaWaTuktuk

Wakubwa, naingilia. Simu yangu naibandika kwenye kioo cha mbele, jua linaipiga Nyali hadi Mwembe Tayari, inachaji humo humo. Ikifika asilimia 80 haipandi. Tundu limeharibika?

#28 KaraniBandarini

Hapana ndugu. Hiyo ni joto. Simu nyingi zikipata joto zinasimamisha chaji kwenye 80 ili kulinda betri. Betri ya lithiamu ikijaa pomoni na ikiwa na moto inazeeka upesi sana, na mwisho inavimba. Apple kwa mfano wanataka hewa isizidi nyuzi 35 ukiwa unaitumia, na nyuma ya kioo cha tuktuk saa saba mchana unavuka hapo bila shida. Ishushe mahali penye kivuli na upepo, utaona inaendelea.

#29 DerevaWaTuktuk

Ahsante. Nimeihamishia karibu na goti. Nitaleta habari.

#30 BintiKibokoni

Kwa kuwa tumeshatoka njiani, na mimi nitoe langu. Baada ya harusi ya shangazi nilikuwa na hina na piko mpaka juu ya kifundo cha mkono. Saa janja ikakataa kusoma mapigo ya moyo wiki nzima. Mara 40, mara haisomi kabisa. Nikadhani nayo imeliwa na chumvi. Nikaihamisha mkono wa kaka yangu, ikasoma sawasawa.

#31 MwenyeDaftari

Dada, hilo nimelifurahia! Saa hizo zinapima kwa taa ya kijani inayomulika ngozi na kuangalia damu inavyorudisha mwanga. Rangi nzito ikikaa katikati, mwanga hauendi wala haurudi. Hata wenye michoro ya wino mwilini hupata tabu hiyo. Ivae juu zaidi mkononi, mahali pasipo na hina, au subiri hina ipauke. Naandika kwenye daftari.

#32 MzeeWaMajengo

Vijana, mimi programu ya kibla imenionyesha magharibi leo adhuhuri. Jana ilikuwa sawa. Nayo ni chumvi?

#33 MwenyeDaftari

Shikamoo mzee. Umebadilisha kava karibuni? Lina sumaku?

#34 MzeeWaMajengo

Marahaba. Mjukuu kanipa kava la kujifunga, ndiyo, linashika kwa sumaku.

#35 MwenyeDaftari

Basi ni hilo, mzee. Dira ya simu inasoma usumaku wa dunia, na sumaku ya kava iko karibu nayo, inaivuta. Livue, uzungushe simu hewani kama unaandika nambari 8, itarudi. Na kwa sisi wa Mombasa kuna kipimo kisichohitaji simu: Makka iko karibu moja kwa moja kaskazini yetu. Sisi tuko longitudo 39.7 hivi, Makka 39.8. Ikikuonyesha magharibi, jua imepotea.

#36 MzeeWaMajengo

Nimelivua. Imerudi. Mungu akuweke. Misikiti ya kale ya hapa ilijengwa kabla ya simu na kibla zake zimekaa.

#37 Sokomoko

Turudi kwenye tundu. Mimi bado nasema kebo. Lakini sasa nasema kebo *na* soketi. Nimechungulia yangu, imeanza ukijani. Nayo ni ya bei.

#38 MkaaziMtwapa

Na mimi bado hamjanieleza. Miaka minne, bahari mlangoni.

#39 FundiMarikiti

@MkaaziMtwapa unaweka simu wapi ukiwa nyumbani?

#40 MkaaziMtwapa

Kwenye droo ya kabati, na nguo. Naitoa nikiitaka. Sipendi makelele yake.

#41 BintiKibokoni

Droo! Huyu simu yake haijawahi kuonja hewa.

#42 KaraniBandarini

Au hana eisii. Nimeshasema.

#43 MwalimuTudor

Au hachaji mara nyingi kwa sababu haitumii, kwa hiyo dhahabu haijakwanguka. Tuna sababu tatu kwa mtu mmoja, na hatuwezi kuzitenganisha.

#44 MwenyeDaftari

Nimetoka kwa fundi. Alifungua mbele yangu, akaniwekea jicho kwenye hadubini. Nitaeleza nilichoona kwa sababu kiliniumiza. Pini nyingi zilikuwa za dhahabu bado, zinang'aa. Zile za umeme tu, pande zote mbili za sahani, zilikuwa zimeliwa, moja imebaki nusu, na kando yake ule ukijani umekaa kama ukoga wa kisimani. Upande wa data hapakuwa na kitu. Mwalimu alisema umeme ndio unaoharakisha, na hapo ndipo ulipopita. Pia miguu miwili ya tundu ilikuwa imepasuka kwenye bodi. Hiyo ni kazi ya kiberiti changu, nakubali.

Ametia tundu jipya. Sasa nimeanza jaribio. Nina kebo tatu mpya za aina moja, zote za kichwa kipana. Ya kwanza inaning'inia dirishani, soketi imewashwa, kama nilivyozoea. Ya pili dirishani pia, ubavuni mwa ya kwanza, lakini soketi imezimwa. Ya tatu iko ndani ya kopo la biskuti na vile vijipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya, mfuniko umebanwa. Hakuna itakayogusa simu. Nitazipiga picha kila Ijumaa kwa lenzi ya karibu mpaka kusi iishe.

#45 KaraniBandarini

Ongeza ya nne, uipeleke ofisini kwenye eisii asubuhi na kuirudisha jioni. Bila hiyo jaribio lako limeniacha nje.

#46 MwenyeDaftari

Haki. Kesho naanza nayo, nitaibeba mfukoni.

#47 FundiMarikiti

Mfukoni itaokota nyuzi. Itie kwenye bahasha ya karatasi.

#48 MjukuuWaBaharia

Nami natundika moja Likoni, upande wetu wa feri, soketi imewashwa. Na shangazi yuko Mariakani, mbali na maji, nitamwomba atundike nyingine.

#49 MwenyeDaftari

Vizuri sana. Andikeni tarehe na mpige picha ya kwanza leo, kabla ya magharibi, kebo zikiwa bado mpya.

#50 DerevaWaTuktuk

Imefika 93 karibu na goti. Nipo Kongowea, nikipata kebo mpya nami natundika.